Mpishi na Siku Arubaini za Ini

Kabla ya kuitikia salamu alikuwa akikutazama macho. Si kutazamana kwa watu na watu. Aliushusha ukope wako wa chini kwa kidole gumba, kama mnunuzi wa mbuzi, akauchungua weupe wa jicho la kulia, kisha la kushoto, ndipo aseme, "Waalaykum salaam." Wageni walishtuka. Mimi ni mtu wa soko, sikushtuka. Mtu anayekagua bidhaa namjua. Nilichongoja ni ataje bei. Hakuitaja siku ile, wala miaka iliyofuata, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Sote tulimwita Mpishi. Watu wa Maskati wakikutana na mgeni swali lao la kwanza ni kabila: wewe wa nani, babu yako alitoka kijiji gani, mmekaa Unguja vizazi vingapi. Sisi tuliorudi kutoka Unguja baada ya mapinduzi tulijifunza kujibu upesi kama watoto wa chuoni. Yeye akiulizwa ni wa nani, alijibu, "Wa jikoni." Wakicheka alicheka nao; wakinuna aliwauliza kama wamekula. Kwa hivyo na mie sitasema alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Sijui. Ninachokijua nimekihesabu mwenyewe, mara mbili.

Tulikaa nje ya lango la Maskati, katika vibanda vya makuti ya mtende ambavyo wenyewe wanaviita barasti. Vilikuwa vibanda kumi na moja. Mara ya kwanza nilihesabu kumi, kwa sababu cha kumi na moja kilibanwa baina ya kisima na ukuta, kidogo hata nikakidhani banda la kuku. Ndicho chake. Hakikuwa na mlango. Kilikuwa na gunia lililoning'inizwa kwa misumari miwili, na upepo ulipovuma ulikuonesha mwenye nyumba mzima, kuanzia kisogo hadi sufuria.

Mie wakati ule nilikuwa nikiuza na kununua vitu vilivyokwisha tumika: mabati, masanduku, fremu za madirisha, milango. Mtu asiye na mlango mbele ya muuza milango ni mtihani. Nikampelekea mmoja, mti mzuri, bawaba zote tatu.

"Ami," nikamwambia, "huu nakupa kwa maneno mazuri tu."

Akaugonga kwa kidole, akauzunguka, akausifu mpaka nikaona haya. Kisha akasema, "Bado."

"Bado nini?"

"Mtu akitia mlango keshakaa. Mie bado sijakaa."

Nikaurudisha. Kila mwaka nilimpelekea, na kila mwaka alinijibu neno hilo hilo moja. Nimeuza milango mingi Maskati na Matrah, huo nikauweka.

Alichokijua alikuwa amejifunza jikoni. Kule Unguja alimpikia miaka mingi Mchina mmoja aliyekuwa akinunua majongoo ya pwani, akiyakausha na kuyasafirisha kwao. Lakini hakufundishwa na tajiri. Alifundishwa na mama wa tajiri, kizee aliyekaa kwenye kigoda pembeni mwa jiko kutwa nzima, na akikosea humpiga vidole kwa vijiti vya kulia. Kizee yule alijua maneno matano ya Kiswahili: moto, maji, polepole, mjinga, na bado. Mpishi alisema mafunzo ya chakula hayahitaji la sita. Mwenyewe alipotufundisha sisi aliyatumia hayo matano zaidi kuliko mengine yote, hasa la nne.

Mafunzo yenyewe nitayasema kama nilivyoyasikia. Wachina, alisema, wanaugawa mwaka kama watu wanavyogawa ng'ombe: kila msimu una kiungo chake. Msimu wa machipukizi ni wa ini. Wakati huo ini, kama mti, linataka kunyooka na kuchipua. Ukilibana linapinda, na likipinda utaliona usoni, utaliona kwenye usingizi, utaliona kwenye ulimi wako unapojibizana na mkeo. Basi siku arubaini mtu aamke na alfajiri, atembee polepole, mshipi umelegea. Ale vinavyochipua. Apunguze vitu vya uchachu na ukali wa ndimu, aongeze kidogo utamu wa matunda. Hasira asiimeze, na asimtemee mwenziwe. Na aangalie macho yake, kwani jicho ndio mlango wa ini. Jicho likikauka, ini limefunga mlango.

"Sasa mwenye hasira aziweke wapi," nikamwuliza, "ikiwa hazimezwi wala hazitemwi?"

"Azikate," akasema.

Ndivyo alivyokuwa akifanya. Maana mtu huyu aliyetuhubiria upole alikuwa na hasira kuliko sisi sote tukijumlishwa. Akiudhiwa anachukua kile kisu chake cha Kichina, kipana kama jembe, na kinachosikika ni ubao tu. Tukila mchuzi tukakuta vitunguu vimekatwa vikubwa, tulijua siku imempendeza. Tukivikuta vimekuwa kama mchanga, tuliulizana kwa macho nani kamuudhi. Na ajabu yake, alikata vitunguu vya harusi nzima bila chozi. Mama yangu siku moja alimtaka na yeye aushushe ukope wake tuone. Macho makavu kama kokoto.

"Mlango wako umekwama, Mpishi," mama akamwambia.

"Nnajua," akasema. "Fundi wake hayupo hapa."

Tulidhani anamkusudia yule kizee.

Mwaka wa kwanza ini lililopata taabu lilikuwa langu. Ulikuwa mwezi wa Machi, hatujatimiza mwaka tangu tushuke melini na mama akiwa kakumbatia kichwa cha cherehani kisicho na gurudumu. Nikaanza kuchukia harufu ya samaki, mkojo ukawa kama chai, kisha mama akanitazama asubuhi moja akalia. Macho yalikuwa manjano. Wakanipeleka hospitali ya Matrah. Daktari akanigonga chini ya mbavu kama mtu anayejaribu tikiti, akasema ini limevimba. Dawa ya kulipunguza hana. Nilale, nile, sahani yangu iwe mbali, mikono ioshwe, wiki sita.

Nikamwuliza hizo sita haziwezi kuwa nne.

"Na ini," akasema, "hakuna mapatano."

Nilipofikishwa nyumbani Mpishi alikuwa keshakaa mlangoni petu na sufuria. Akaushusha ukope, akatazama muda mrefu. "Wiki sita," akasema. Hakuna aliyemwambia.

Akanilisha. Asubuhi uji mwepesi wa mchele. Mchana choroko zilizoota mikia: alikuwa akizirowesha, akizifunika ndani ya gunia bichi mahali penye giza, na siku ya tatu zinatoka na mikia myeupe mirefu, akizitupia katika maji yanayochemka, akihesabu hadi ishirini, akizitoa. Kunazi alizichemsha badala ya zile tende nyekundu za Kichina, maana alisema ni watoto wa shangazi na mjomba. Maua ya Kichina hayakuwepo, akatia babunaji, maua makavu aliyoyanunua kwa muuza dawa sokoni. Kila kitu cha kizee yule alikuwa kakitafutia ndugu yake Maskati. Majirani wetu wenyeji walipita wakachungulia sufuria, wakasema hawa watu wa Zanjibari wanakula choroko zilizooza.

Wiki ya pili akapita muuza mizizi, na unga wa kijani kwenye karatasi, akaapa unaosha ini kama sabuni. Mama akanunua. Mpishi alipouona akauchukua, akatoka nao nje, akaumimina mchangani.

"Ile nimeilipia," mama akasema.

"Basi umelilipia shimo."

"Na wewe si unampa majani na maua? Yako dawa, ya mwenzio taka?"

"Yangu chakula, bibie. Nakijua, nakila, umekiona natoa wapi. Ini la huyu limechoka kuchuja. Ukilimwagia unga usioujua, ni kama mtu mgonjwa kalala, wewe unampelekea wageni."

Wiki sita zikapita na siku moja. Nilizihesabu kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Macho yakarudi meupe, nikaanza tena kusikia njaa, nikarudi sokoni, na sokoni nikawaambia watu: kuna mtu kwetu, anaponya maini. Nilidhani namfanyia jambo jema. Bidhaa nzuri inataka mtu wa kuinadi.

Jioni ile vitunguu vilikuwa unga. Nilipokwisha kula akaja akakaa mbele yangu.

"Umesema nimekuponya?"

"Si umeniponya?"

"Daktari kakwambia lala, ukalala. Ini lako limejitengeneza lenyewe, kwa rehema ya Mola wake. Mie nimekuletea chakula, basi. Wewe ukinadi hivyo, kesho ataletwa hapa mtoto wa watu anakufa, mama yake ananitazama mie, na mie nna sufuria tu. Utamwambia nini mama yule?"

Siku ya pili nikazunguka duka kwa duka kufuta nilichonadi. Ni kazi ngumu kuliko kunadi.

Tangu hapo siku arubaini zikawa zetu sote, vibanda kumi na moja. Na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu watu wa Unguja unaweza kuwanyima vingi, na sisi tulikwisha nyimwa, lakini kuwanyima ndimu ni jambo jengine. Mpishi alikuwa na pua. Akiingia nyumbani anasimama, ananusa, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye kitu kilichofichwa. Mama alificha ndimu ndani ya cherehani. Akazitoa moja moja.

"Mbili hizi," akasema.

"Hizo za mashine," mama akamwambia. "Inasaga vibaya bila ya ndimu."

"Na huu ukwaju?"

"Huo wa mgeni."

"Mgeni gani?"

"Akija nitakwambia."

Siku moja, mwaka ule ule wa kwanza, mama akalipiza. Alikwenda kumrudishia bakuli, upepo ukalinyanyua lile gunia, akamkuta Mpishi kakaa na chupa mapajani, kafungua kifuniko, ananusa. Achari ya ndimu. Mama aliniita mie, akamwita jirani, tukasimama watatu.

"Kumbe anayeharamisha anayo yake," mama akasema.

Mpishi akafunga kifuniko taratibu. "Hii si chakula," akasema.

Nilihesabu vipande vilivyokuwa vikionekana kwenye kioo. Saba. Nikahesabu tena, saba. Siku arubaini zilipokwisha vilikuwa sita. Mwaka wa pili vitano. Alikuwa akila kimoja kwa mwaka, jioni ya siku ya arubaini. Hapo nikaacha kucheka, kwa sababu mtu anayekula kipande kimoja cha ndimu kwa mwaka hali kwa njaa.

Sasa nije kwenye hesabu iliyotugombanisha.

Mpishi hakufuata kalenda ya ukutani. Alihesabu siku kama wazee wetu wa Unguja wanavyohesabu, tokea Nairuzi, mwaka mpya wetu wa mwezi wa Julai, kumi baada ya kumi. Kila alfajiri alitia kokwa moja ya tende katika kopo la biskuti, na kokwa zilipotimia mia mbili na hamsini, siku hiyo hiyo alirowesha choroko. Kule kwetu siku hiyo masika yanakaribia, mawingu yanashuka, kila kijiti kinataka kuota. Hapa Maskati siku ya mia mbili na hamsini ni mwisho wa Machi. Mwenye kuijua Maskati anajua maana yake. Aprili mawe yanawaka moto. Gunia likiroweshwa asubuhi, adhuhuri limekauka. Likikaa bichi, choroko zinavunda. Mwaka wa tatu, katika siku arubaini, nilimwona akimwaga choroko zilizovunda siku kumi na tatu. Alitoka nazo mapema kabla watu hawajaamka, akazifukia nyuma ya kisima. Mimi huamka mapema pia.

Nikangoja siku ya arubaini ipite, nikamwendea na ushahidi wangu kama mtu anayekwenda kwa kadhi.

"Ami, hesabu yako ina kosa."

"Sema."

"Hapa mvua ni ya baridi. Ikinyesha Januari, Februari mabonde ya wadi yameshika kijani. Pita Wadi Kabir, utakuta khubeza imejaa, mboga ya bure, majani yake ya duara kama sarafu. Kunazi zinaiva mwezi huo huo. Choroko ukizifunika wakati ule hazivundi hata moja. Wewe unangoja mpaka kila kitu kimekufa ndio unatwambia tule vinavyochipua. Umechelewa siku hamsini."

"Hamsini na tatu," akasema.

"Yule bibi wa Kichina mwenyewe akianza lini?"

"Februari. Mwaka mpya wao."

"Basi si ndio hiyo hiyo?"

"Ndio hiyo hiyo. Kule Unguja Februari ni kaskazi, jua linapasua vichwa. Nikamwambia tungoje masika. Akanambia mjinga. Akafikiri siku mbili tatu, akanambia bado. Tukangoja."

"Kwa hiyo kule ulikosea kwa ajili ya kupatia. Na hapa unapatia ya kule, unakosea ya hapa. Ulijua lini?"

"Mwaka wa kwanza. Ulipokuwa umelala manjano, nilikwenda Wadi Kabir kukutafutia kijani, nikakuta yote yamekwisha kauka."

Mie nimebishana na watu wengi. Mtu akikubali kosa lake kabla hujamwonesha lote, ujue kuna kitu hajakiweka mezani. Nikakaa.

Akalitoa lile kopo, akalitikisa. Lilikuwa karibu kujaa, maana Nairuzi ya kulimwaga na kuanza upya ilikuwa haijafika.

"Mke wangu yuko kule," akasema. "Mama yake hainuki kitandani. Siku ya kuondoka meli ilikuwa na nafasi za wazima tu. Akanambia nenda wewe, mie siwezi kumwacha. Tukasimama jikoni, muda hapana, watu wanapiga hodi. Ndipo tukapatana. Siku ya mia mbili na hamsini, alfajiri, yeye atarowesha choroko zake na mie zangu. Siku arubaini atakula ninachokula. Ya arubaini jioni, kipande kimoja cha achari, yeye na mie." Akalitazama lile gunia la mlangoni. "Barua hazifiki, na zikifika zimefunguliwa. Hiki hakifunguliwi."

Nje mama alikuwa akimwita kuku kwa jina la mtu.

"Nikianza Februari," Mpishi akasema, "hesabu yako itakuwa sawa. Choroko zangu hazitavunda. Nami n'takuwa nakula peke yangu."

Nilikwenda sokoni. Muuza vyungu alikuwa na mtungi wenye ufa, unavuja, anataka kuutupa. Nikambishia mpaka akanipa na kata yake. Mtungi unaovuja hukaa mbichi nje daima, na upepo ukiupiga ndani mnakuwa baridi. Mwaka uliofuata choroko zilikaa mle, kwenye kivuli, na kwa siku arubaini zilivunda siku nne tu. Mpishi hakunishukuru. Vitunguu vya wiki ile vilikuwa vikubwa kama ndizi.

Na mama, nilipomweleza, alizitoa ndimu zote kwenye cherehani mwenyewe, akamkabidhi. Hakuficha tena. Mwezi wa Aprili, joto limetukaba, sote tukatembea alfajiri mishipi imelegea, tukala kijani kisicho na ukali wowote, kwa sababu mtu mmoja tusiyemjua alikuwa akikila upande wa pili wa bahari. Au tulitumaini anakila. Hilo hakulisema mtu.

Mwaka wa sitini na tisa, baada ya siku arubaini kwisha na vipande vya achari kubaki viwili, baharia mmoja alileta habari: mama mkwe wa Mpishi kafariki. Tukaenda kumpa pole. Alitupokea na kahawa. Akatuuliza hali, akatazama macho yetu mmoja mmoja. Yake yalikuwa makavu vile vile. Nikajua anachokihesabu. Sasa mkewe yuko huru kusafiri, na kutoka kule ni ruhusa, kuingia huku ni ruhusa nyingine, na ruhusa mbili hukaa mbali kuliko bahari. Mama akamwuliza kama atakuja. Akasema lile neno la tano la kizee.

Baada ya hapo mie na mama tukahamia Matrah, biashara ilikuwa huko. Miezi ikapita sijamwona.

Februari ya mwaka wa sabini ilinyesha mvua siku mbili. Nilikuwa na shughuli ya mabati Wadi Kabir. Leo ukienda huko utakuta magereji na vyuma. Wakati ule ilikuwa wadi kweli, visima na mawe, na baada ya mvua kijani baina ya mawe. Nikaona mtu kainama, mshipi umelegea, kikapu ubavuni, anachuma khubeza. Anachuma majani machanga tu, yale makubwa anayaacha. Nikamjua kwa mgongo.

"Asalaam alaykum, Ami."

Akainuka, akaushusha ukope wangu wa kulia, wa kushoto. "Waalaykum salaam. Unalala vizuri?"

"Nalala. Ami, hii Februari."

"Nnajua."

"Kokwa zako hazijatimia hata mia mbili na kumi."

"Mia mbili na moja," akasema, akainama tena kuchuma. "Wewe hesabu yako ilikuwa sawa. Nimeanza juzi."

Nikazifikiria sababu za mtu kuacha kula pamoja na mwenziwe. Ni mbili, nilizihesabu palepale, na moja sikutaka kuiuliza. Nikabaki nashika kikapu. Akachuma, akachuma, kisha bila ya kunitazama akasema:

"Ule mlango wako ungalipo?"

Nikasema upo.

"Bawaba zote tatu?"

"Zote tatu."

"Ulete basi. Mwenzangu kashuka melini wiki iliyopita, anasema hawezi kukaa nyumba ya gunia."

Nikaupeleka kesho yake. Tuliutia mie na yeye, yeye akishika, mie nikigongomea. Ulikuwa mkubwa kuliko kibanda. Ukifungwa, ukuta mzima ulitikisika. Mkewe alikuwa ndani, mwanamke mwembamba, kajifunga kanga mbili. Akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha jikoni, "Huyu ndie mwenye kuhesabu?"

"Ndie," Mpishi akasema.

"Mwanangu, kila mwaka alikula? Siku zote arubaini? Usinifiche."

"Kila mwaka, mama. Mara tano arubaini. Nyingine zilivunda, akala hivyo hivyo."

"Mie choroko zilipokosekana madukani nilirowesha kunde," akasema. "Mwaka mmoja hata kunde sikupata, nikarowesha mbegu za boga. Hazikuota. Nikala mchicha, nikahesabu."

"Kunde si sawa na choroko," Mpishi akasema.

"Nyamaza wewe."

Mkewe akafungua furushi la nguo, akatoa chupa. Achari ya ndimu, mpya, imejaa hadi shingoni. Akaiweka mkekani mbele ya mumewe, pembeni ya ile ya zamani yenye vipande viwili.

"Hii ni siku ya nne," Mpishi akasema. "Zimebaki thelathini na sita. Kitu kikali hakifai."

"Mie nimengoja miaka sita. Na siku zako zingoje."

Mpishi akanitazama mie, kama vile mimi ndiye kadhi. Nikashughulika na bawaba ya chini, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nikasikia kifuniko kinafunguliwa. Akala kipande kimoja. Akala cha pili. Nilipoinua uso weupe wa macho yake ulikuwa umejaa maji, yakafurika, yakashuka mpaka kwenye ndevu, na yeye kakaa tu na kipande cha tatu mkononi, hajifuti. Miaka sita nilikuwa na mtu huyu, na vitunguu vyote vile.

"Kali hii," akasema, akitafuta leso. "Pilipili zako hizi, mke wangu. Hukupunguza hata moja."

Mkewe alikuwa akikaza kifuniko cha ile chupa ya zamani.

"Safari hii," akasema, "sikutia pilipili."